Kokoto zipimwe kwa mita za ujazo, si kwa "lori moja"

Mhariri,

Masika yakikaribia, wenye nyumba wa Nyali, Kisauni, Bamburi na Mikindani huanza kuulizana: ua huu utakula lori ngapi za kokoto? Jibu wanalopewa mara nyingi ni la kukisia. Fundi hutazama kiwanja, akakuna kidevu, akasema, "Leta mbili, tukipungukiwa tutaongeza." Muuzaji naye huuza "lori moja" bila kutaja lori hilo linabeba kiasi gani. Kazi ikiisha, ama lundo linabaki nje ya geti likiota nyasi mpaka mwaka wa pili, ama njia inaishia katikati na mwenye nyumba analipia safari nyingine kwa ajili ya matoroli sita. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Inataka vipimo vitatu, yaani eneo, unene na ujazo wa kitanda cha lori, na hivyo vitatu ndivyo watu wasivyovipima.

Eneo kwanza. Chukua futikamba ndefu, vigingi na uzi. Njia iliyonyooka ni urefu mara upana, hilo halina mjadala. Njia inayopinda usiipime kwa ukingo wa ndani wala wa nje. Laza kamba katikati yake ukifuata mapindo, kisha inyooshe kamba hiyo uipime. Mduara ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14. Bustani isiyo na umbo lolote linalotajika, na ndizo nyingi, inakatwa vipande: nyosha uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wake, kila baada ya mita moja pima upana unaoukatiza uzi, kisha jumlisha mapana yote. Jumla hiyo ndiyo mita zako za mraba, kwa kukaribia vya kutosha. Mteremko usikutishe. Hata ardhi inayoshuka mita moja kwa kila mita nne huongeza eneo kwa asilimia 3 tu. Shina la mnazi halistahili hata kutolewa kwenye hesabu. Ila ukiwa unatandaza vipande vya mawe ya Mazeras vya kukanyagia, vitoe: vipande 20 vya sentimita 60 kwa 40 vinachukua mita 4.8 za mraba, na hapo hutamwaga kokoto.

Pesa nyingi hupotea pale futi, inchi na mita zinapochanganywa. Tuchukue njia ya futi 40 kwa futi 3, unene wa inchi 2. Tumeona hesabu ikiandikwa 40 mara 3 mara 2, jawabu 240, kisha ikaitwa futi za ujazo 240, na kokoto karibu mita 7 za ujazo zikaagizwa. Inchi hazikugeuzwa kuwa futi, basi jawabu limekuwa mara 12 ya lile la kweli. Inchi 2 ni futi 2 kwa 12, kwa hiyo ujazo ni futi 20. Gawanya kwa 35.3 upate mita za ujazo: 0.57. Kosa la pili ni la kugeuza eneo. Futi 120 za mraba hazigawanywi kwa 3.28, kwani hiyo ni ya urefu. Zinagawanywa kwa 10.76, unapata mita 11.15 za mraba. Aliyegawanya kwa 3.28 atapata 36.6 na atanunua mara tatu na ushei. Dawa ni kuamua tangu mwanzo kwamba kila kitu kinapimwa kwa mita, hata unene: sentimita 5 iandikwe 0.05, na futikamba yenye inchi upande mmoja igeuzwe upande wa pili.

Sasa unene, na hapa inafaa kukaa kidogo. Ukishika jambo moja hutahitaji kikokotozi: kwenye mita 100 za mraba, kila sentimita moja ya unene ni mita moja ya ujazo. Ploti ya futi hamsini kwa mia, ile tunayoijua sote, ina mita za mraba 464. Kama ingetandikwa yote bila nyumba, kila sentimita ingekuwa mita za ujazo 4.6, ambayo ni karibu tipa zima la "tani saba". Kwa hiyo anayesema "weka inchi mbili au tatu hivi" kwenye ploti hiyo ameongeza zaidi ya matipa mawili na nusu kwa lile neno "hivi".

Unene unaofaa unategemea nani anapita na jiwe ni kubwa kiasi gani. Safu iwe na unene usiopungua mara mbili ya jiwe kubwa kabisa lililomo, na mara mbili na nusu ni bora. Kokoto za robo tatu, yaani za milimita 20, zikitandazwa sentimita 3 hazitulii. Jiwe linakosa mwenzake wa kulishika, tairi likipita mara chache ardhi inatokeza. Kwa njia ya miguu na vitanda vya maua sentimita 5 za kokoto za nusu inchi zinatosha. Mahali pa magari panataka safu mbili: ya chini ya mawe makubwa yaliyochanganyika na vumbi lake, ishindiliwe ibaki sentimita 10, na kwenye udongo wa mfinyanzi ibaki 15, ya juu ni robo tatu safi, sentimita 4 au 5. Wengine hudhani wakimwaga sentimita 12 za kokoto safi bila safu ya chini wamefanya kazi imara zaidi. Kinyume chake. Kokoto safi ambazo ni nene hivyo hazishikani, gari linazama kama kwenye mchanga wa ufuo, kiti cha magurudumu hakipiti kabisa, na ukishika breki unalima mtaro. Tena ziwe zimepondwa, zenye pembe. Mawe ya mviringo ya mtoni yanapendeza kuzunguka birika, lakini kwenye mteremko au chini ya tairi yanabingirika.

Mombasa nayo haina ardhi ya aina moja, na jambo hili hulioni kwenye fomula yoyote. Kisiwani, Nyali na sehemu kubwa ya Bamburi, ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe. Halichimbiki kwa jembe, na sura yake ni mashimo matupu. Ukihesabu sentimita 5 juu ya jiwe la namna hiyo, mashimo yatakula kokoto kabla njia haijasawazika. Hapo nyosha uzi kwenye kimo ambacho uso wa kokoto utafika, usawazishe kwa pimamaji au kwa mpira wa maji, kisha shusha rula kutoka kwenye uzi kila baada ya mita moja. Tuseme vipimo tisa vimetoka 4, 7, 12, 5, 9, 3, 8, 11 na 4. Jumla ni 63, wastani ni sentimita 7. Uliyepanga 5 unahitaji asilimia 40 zaidi, na ni heri ulijue leo kuliko siku ya mwisho. Njia ya kuokoa ni kujaza mashimo kwanza kwa vifusi vya matumbawe vya bei ndogo, kisha kupima upya.

Changamwe, Port Reitz na Miritini hali ni nyingine. Udongo wa mfinyanzi wa huko huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Kokoto zikimwagwa moja kwa moja juu yake, masika ya kwanza yanazimeza na matope yanapanda juu. Karibu na ufuo mchanga hufanya hivyo hivyo bila kelele: kokoto hushuka, mchanga hupanda. Pote pawili tandika kwanza kitambaa cha jiotekstaili, yaani kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, na ukikinunua hesabu pia kile kipande cha sentimita 30 kinacholaliana kila panapoungana. Wanaotandika karatasi ya nailoni ili kubana matumizi wanajitafutia dimbwi. Nailoni haipitishi maji, kokoto zinaelea kwenye bakuli, na mbu wanapata pa kuzaliana katikati ya ua.

Vipimo vya unene tulivyovitaja ni vya baada ya kushindilia, lakini kokoto unazinunua zikiwa zimelegea. Mchanganyiko wenye vumbi hukaa chini sana ukipitiwa na mashine ya kushindilia, kwa hiyo zidisha kwa 1.25. Kokoto safi za saizi moja hushuka kidogo tu, zidisha kwa 1.1, na humo mna hata zile zinazomwagika na kupotea. Mtaro wa maji usioshindiliwa hauhitaji nyongeza ya kushindilia.

Tuone njia ya gari ya mita 12 kwa 3. Eneo ni mita 36 za mraba. Safu ya chini ya sentimita 10 ni mita 3.6 za ujazo zikishindiliwa, mara 1.25 ni 4.5. Safu ya juu ya sentimita 5 ni 1.8, mara 1.1 ni karibu 2. Zinaagizwa mbali mbali, kwa sababu ni mali mbili tofauti na bei mbili tofauti. Ile njia ya miguu ya futi 40 iliyokuwa na mita 0.57 za ujazo inakuwa 0.62, sawa na ndoo 31 za lita 20. Hiyo haihitaji lori hata kidogo. Mkokoteni au magunia yanamaliza kazi, na kwa jirani wa Mji wa Kale ambako tipa halipenyi vichochoroni, hesabu ya ndoo ndiyo pekee yenye maana.

Kuna mtego mwingine wa safu mbili ambao huwapata hata mafundi wazoefu. Lundo la mawe safi ya saizi moja si jiwe tupu. Karibu asilimia 40 yake ni hewa iliyo kati ya jiwe na jiwe. Ukimwaga vumbi la kokoto juu ya safu ya sentimita 10 ya mawe safi makubwa, vumbi hilo litashuka kujaza mianya, na laweza kumeza hadi sentimita 4 kabla halijaanza kuonekana juu. Kwa sababu hiyo mita moja ya mawe ukiichanganya na mita 0.4 za vumbi hupati mita 1.4, unapata moja na kidogo, ila nzito na iliyoshikana. Aliyejumlisha tu atapungukiwa. Mwenye akiba ndogo anunue mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa machimboni, au aweke kitambaa kati ya safu mbili.

Sasa lori, na hapa ndipo tunapowaomba wauzaji na kaunti watusikilize. "Lori moja" si kipimo. Kitanda cha mita 3.6 kwa 2.1, chenye kuta za sentimita 60, kinabeba mita za ujazo 4.5 kikijazwa sawa na ukingo. Kuta zikiwa za sentimita 45 ni mita 3.4, na kwa macho ya mnunuzi aliyesimama getini malori hayo mawili ni ndugu. Yote huitwa tani saba, yote huuzwa bei moja. Jina hilo la tani ni la mazoea na halimfungi mtu. Vivyo hivyo, mtu akikuambia lori la ekseli mbili limekuletea tani 14, fahamu kwamba sheria ya barabara inaruhusu tani 18 kwa gari la namna hiyo pamoja na mzigo wake, na gari tupu la ukubwa huo mara nyingi lina saba au nane. Basi ama amevunja sheria, ama hizo 14 hazimo.

Pima kitanda kwa ndani kabla ya kumwaga. Mwombe dereva asubiri dakika tano, tanboi asawazishe kichuguu kwa sepetu mpaka kona zijae, kisha chomeka fimbo ya chuma mahali patano mpaka igonge sakafu, na uchukue wastani wa kina. Urefu mara upana mara kina hicho. Usishangae mzigo ukiwa umeshuka kidogo chini ya ukingo; kokoto zilizojaa machimboni Kilifi au Mazeras hutikiswa njia nzima na hukaa. Huo si wizi, na dereva asisingiziwe. Kona tupu ndizo za kuuliza.

Kama amekwisha kumwaga ukiwa kazini, lundo nalo linapimika likiwa la umbo la pia, yaani duara chini na ncha juu. Zungusha kamba chini ya lundo, gawanya mzunguko kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Simamisha mti pembeni, laza uzi kutoka kileleni ukiwa sawa, upate kimo. Nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara kimo mara 1.05 ndiyo mita zako za ujazo. Mzunguko wa mita 11.3 unatoa nusu kipenyo cha 1.8, kimo kikiwa 1.35 lundo lina mita 4.6. Lililoegemea ukuta halipimiki hivi, kwa hiyo agiza limwagwe wazi. Na limwagwe juu ya turubai au sakafu. Lundo la ukubwa huo linakalia mita 10 za mraba, na kwenye ardhi tupu sentimita 3 za chini zitachanganyika na udongo zisifae: mita 0.3 za ujazo, matoroli matano ya lita 60, umezilipia na umezizika.

Kuna wanaouza kwa uzito, na uzito ni kipimo cha haki ukijua kuugeuza. Usitegemee namba ya kwenye karatasi, jipimie. Tia maji lita 20 kwenye ndoo, weka alama yanapofikia, mwaga. Jaza kokoto kavu hadi alama bila kuzishindilia, pima kilo kwenye mizani ya duka la jirani, toa uzito wa ndoo, gawanya kwa 20. Ndoo ya kilo 30 ni tani 1.5 kwa kila mita ya ujazo. Kokoto nyeusi ngumu kwa kawaida huangukia kati ya 1.4 na 1.6. Za matumbawe ni nyepesi zaidi kwa sababu jiwe lenyewe lina vitundu. Tofauti hii si ndogo: tani 7 za jiwe la 1.5 ni mita 4.7, tani 7 za jiwe la 1.25 ni mita 5.6. Mwenye hesabu ya mita aliyeagiza kwa tani bila kujua aina ya jiwe amecheza bahati nasibu.

Mvua nayo ina fungu lake. Kokoto safi haishiki maji mengi, lakini vumbi la kokoto na mchanga vinashika. Mchanga wenye maji asilimia 5 ukinunuliwa kwa tani 7, takriban kilo 340 ni maji uliyoyalipia. Ukinunuliwa kwa ujazo mambo yanageuka: mchanga wenye unyevu huvimba, unajaza lori kwa mali kidogo. Ndiyo maana mchanga wa masika unapungua ukikauka hata kama hakuna aliyeuchota. Nunua vumbi na mchanga Januari au Februari wakati wa kaskazi, mambo yakiwa makavu, hata kama kutandika utangoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaiomba idara ya vipimo ya kaunti, ambayo kila siku inakagua mizani ya sokoni na pampu za petroli chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, igeukie na vitanda vya malori ya kokoto na mchanga. Hatuombi mashine wala ofisi mpya. Kila tipa linalouza mjini liandikwe ubavuni kwa rangi ujazo wa kitanda chake kikiwa sawa na ukingo, na risiti itaje mita za ujazo na saizi ya jiwe. Wauzaji waaminifu, nao ni wengi, watakuwa wa kwanza kufaidika, maana leo mwenye kitanda cha mita 4.5 anashindana kwa bei na mwenye 3.4.

Mpaka hapo, mnunuzi agawanye mahitaji yake kwa ujazo wa lori analolijua na aamue kwa busara. Ukipata mita 4.8 na lori lina 4.5, usiite lori la pili. Kwenye mita 96 za mraba upungufu huo ni milimita 3 za unene, hakuna jicho litakaloziona. Au ongeza kwa magunia, ukijua gunia la kilo 50 ni kama lita 33, na magunia 30 ni mita moja ya ujazo. Ukipata 5.8, hapo upungufu ni mkubwa mno wa kufichwa. Ita la pili ukiwa umeshatafuta kazi ya mabaki, na kazi ya kwanza ni mtaro.

Mtaro wa kumeza maji ya paa unahesabiwa kirahisi na husahaulika karibu kila mara. Upana sentimita 30, kina 45, urefu mita 15: mita za ujazo 2.03. Bomba la milimita 110 lenye matundu linachukua 0.14, zinabaki 1.88 za kokoto, za inchi moja na nusu, safi bila vumbi. Zioshwe zikiwa na vumbi, kwani vumbi ndilo linaloziba mtaro. Asilimia 40 ya hizo ni mianya, kwa hiyo mtaro unahifadhi kama lita 750 mbali na zile zinazoingia bombani. Paa la mita 50 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,000. Kwenye jiwe la matumbawe lenye nyufa ziada hiyo itapenya chini wakati mvua inaendelea. Kwenye mfinyanzi wa Changamwe haitapenya, na mtaro lazima uwe mrefu zaidi au uwe na pa kutokea. Usiupeleke karibu na kisima wala shimo la maji machafu.

Mawe meupe ya mapambo yanauzwa kwa mfuko na watu huyanunua kwa macho. Mfuko wa kilo 50 unafunika mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 3, basi. Kwa sentimita 5 haufiki hata theluthi mbili ya mita. Yafaa zaidi kuyaweka mahali padogo penye jua. Kivulini wakati wa masika yanaota ukijani, na barazani saa saba mchana mng'ao wake unaumiza macho. Kokoto za matumbawe nazo, ingawa ni rahisi, zina mahali pake. Chini ya tairi zinasagika kuwa unga mweupe unaoganda mvua ikinyesha. Kwenye vitanda vya maua chokaa yake huingia udongoni, na mimea inayopenda udongo wenye asidi, kama iksora, majani yake hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo tumia kokoto nyeusi. Mawe na mchanga wa ufuoni visiguswe: vina chumvi inayokula vyuma na kuunguza mizizi, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, kuokota ni kuvunja sheria.

Mwisho, hesabu ya matengenezo. Safu ya juu ya njia ya magari hupungua kila mwaka kwa kuchukuliwa na matairi, ufagio na maji. Weka akiba ya sentimita moja: kwa njia yetu ya mita 36 za mraba ni mita 0.36 za ujazo, ndoo 18. Chini ya mvinje usiongeze kokoto, ongeza ufagio. Mti huo ndio uliogeuza machimbo makavu ya Bamburi kuwa msitu tangu 1971: sindano zake zikaanguka, majongoo wakazila, jiwe tupu likapata udongo. Hapo uani pako utafanya kazi ile ile, na miaka michache baadaye utakuwa na nyasi juu ya kokoto ulizozinunua. Zoa sindano kila wiki, kwa reki yenye meno mapana isiyochota mawe.

Mafundi wa bustani na njia,
Kisauni, Mombasa